Trekta Kuukuu: Kwanza Lisimame, Ndipo Liende

Ndugu msomaji, ukienda mnadani kununua ng'ombe wa kulima, hutoi fedha kwa kutazama rangi ya ngozi tu. Utamfungua mdomo uone meno. Utatazama kwato, macho na shingo. Utamwendesha mbele, utamgeuza, utamsimamisha. Tena utauliza kama ana tabia ya kupiga watu pembe. Ng'ombe mwenye nguvu lakini mkali anaweza kumwua mwenye boma.

Trekta nalo ni hivyo hivyo. Siku hizi watu wengi wenye mashamba madogo hutafuta trekta dogo lililokwisha kutumika. Jipya bei yake ni kubwa. Kuukuu lina nafuu. Lakini nafuu hiyo inaweza kuwa mtego. Trekta linaweza kuwa na injini nzuri, likalima vizuri, na bado likawa hatari kwa mtu. Labda breki zake zimekufa. Labda kinga zake ziling'olewa zamani. Labda moshi wake unamwingia dereva puani tangu asubuhi mpaka jioni.

Ndiyo sababu tunalizungumza jambo hili katika ukurasa wa afya. Neno letu la leo ni moja: Kwanza lisimame, ndipo liende. Maana yake, kabla ya kuuliza trekta lina nguvu kiasi gani, uliza kama linaweza kusimama na kama linamlinda mtu.

DADA NA MDOGO WAKE

Tuchukue mfano wa kutunga. Mama mmoja anaishi Mkuranga, Mkoa wa Pwani. Ana eka sita. Mbili ni za mihogo, moja ni ya mpunga bondeni, na zilizobaki ni za mikorosho na minazi. Mwaka uliopita mume wake alivunjika mguu. Alikuwa amepanda juu ya tela la jirani. Tela lilivutwa na pawatila, yaani lile trekta la magurudumu mawili linaloshikwa kwa mikono. Breki hazikufanya kazi. Walipofika kwenye mteremko, tela lilishika kasi likapinduka. Tangu siku hiyo mume hawezi kushika jembe. Mama na watoto walilima peke yao. Migongo iliwauma, na mvua ziliwakuta shamba halijaisha.

Fedha za korosho zilipopatikana, mama aliamua kununua trekta dogo. Akaenda Dar es Salaam kwa mdogo wake, ambaye ni fundi na anakaa Chang'ombe, Wilaya ya Temeke. Chang'ombe iko karibu na Barabara ya Nyerere, ile iliyokuwa ikiitwa Barabara ya Pugu. Huko kuna viwanda, gereji na mafundi. Kipo pia chuo cha VETA, ambako vijana hujifunza ufundi wa magari na ufundi mwingine. Jina la Chang'ombe lina ng'ombe ndani yake. Mama huyu alikwenda kutafuta ng'ombe wa chuma.

"Mdogo wangu," alisema, "nina haraka. Mvua za vuli hazingoji. Nitafutie trekta la bei ndogo, nirudi nalo Jumapili."

"Shikamoo kwanza, dada," alijibu mdogo wake huku akicheka. "Haraka yako naijua. Lakini shemeji amevunjika mguu kwa sababu ya chombo kisichosimama. Hatuwezi kununua kingine cha namna ile. Kaa, unywe chai, nikuambie habari ya Kongwa."

FUNZO LA KONGWA

Habari ya Kongwa ni ya kweli, nayo ni ya nchi yetu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika. Kazi ilianza mwaka 1947 Kongwa, na baadaye ikafika Urambo na Nachingwea. Waingereza walitaka kulima eneo kubwa kwa muda mfupi. Matrekta mapya hayakutosha, kwa hiyo walinunua mengi yaliyokwisha kutumika, yaliyobaki vitani. Mengine yalitoka mbali, huko Ufilipino.

Matrekta hayo yalipofika yalikuwa yamechoka. Vipuri vilikuwa haba. Mafundi walikuwa wachache. Miti ya Kongwa ilikuwa migumu kung'oa, na wakati wa kiangazi udongo ulikauka ukawa mgumu kama tofali. Kabla ya mwaka 1947 kwisha, sehemu kubwa ya matrekta hayo ilikuwa imelala bila kufanya kazi. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango wote ulivunjwa. Fedha zilizopotea zilikuwa kama pauni milioni 36.

"Unaona, dada," alisema mdogo wake. "Wale walikuwa na fedha za serikali nzima. Wewe una fedha za korosho za msimu mmoja. Wao waliweza kukosea. Wewe huwezi."

KAZI GANI NA UDONGO GANI?

Kabla ya kwenda kutazama trekta, jiulize mwenyewe: Nitafanya nalo kazi gani? Udongo wangu ni wa namna gani? Fundi wa karibu yuko wapi?

Pawatila huwa na injini ndogo ya dizeli. Nyingi zina nguvu za farasi kati ya 12 na 15. Tangu mpango wa Kilimo Kwanza ulipotangazwa mwaka 2009, pawatila nyingi zimeingia katika wilaya zetu. Zinafaa sana kwenye majaruba ya mpunga, ambako udongo ni laini na una maji. Lakini kwenye udongo mkavu na mgumu huruka-ruka. Mikono ya anayeishika hutetemeka kutwa, na mgongo huuma. Kwenye shamba lenye visiki na mizizi ya mikorosho, pawatila inaweza kushtuka ghafla ikamvuta mtu.

Trekta dogo la magurudumu manne lina nguvu zaidi, na dereva hukaa kitini. Yako madogo yaliyotumika Japani kabla ya kuletwa hapa, kama vile ya Kubota, Yanmar na Iseki. Yako pia ya zamani yanayojulikana na mafundi wengi, kama Massey Ferguson 135. Trekta hilo lilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka 1964. Lina nguvu za farasi kama 45. Ukilikuta leo, ujue ni mzee wa nusu karne. Mzee anaweza kufanya kazi, lakini lazima umjue afya yake.

Usinunue trekta ambalo vipuri vyake hupatikani. Kabla ya kulipa, tembea madukani, kama kule Kariakoo, uulize filta, mkanda wa feni na vipande vya breki vya trekta hilo. Kama hakuna duka linalolijua, liache.

Na kama shamba lako ni la eka mbili au tatu tu, fanya hesabu kwanza. Pengine ni bora kukodi, au kununua pamoja na majirani watatu au wanne mnaoaminiana. Trekta linalolala miezi kumi kwa mwaka linakula fedha bila kulima.

TREKTA LENYE RANGI NZURI

Kesho yake dada na mdogo wake walikwenda kwenye kiwanja cha matrekta. Dalali aliwapokea kwa furaha. Alikuwa na trekta dogo jekundu. Rangi yake iling'aa. Injini ilikuwa inanguruma tayari.

"Mama, sikiliza mwenyewe," alisema dalali. "Injini hii ni kama mpya. Wateja wawili wanakuja mchana."

"Ni kweli inanguruma vizuri," alisema mdogo wake. "Lakini umeiwasha saa ngapi, ndugu yangu? Tunataka kuiona ikiwa baridi."

Hili ni jambo la kwanza. Injini iliyochoka huwaka kwa taabu asubuhi. Muuzaji mjanja huiwasha mapema ili uikute ina joto. Gusa kwa uangalifu ubavu wa injini kabla haijawashwa. Kama ina joto, rudi siku nyingine bila kutoa habari.

Mdogo wake hakuuliza tena habari ya injini. Alizima trekta, akainama, akatazama breki.

MAMBO YA KUSIMAMA

Matrekta mengi yana breki mbili za mguu, moja ya gurudumu la kulia na moja ya gurudumu la kushoto. Shambani breki moja husaidia kugeuka. Barabarani lazima breki zote mbili zifungwe pamoja kwa kile chuma chao. Kama chuma hicho hakipo, ukikanyaga upande mmoja kwa kasi trekta litageuka ghafla na kupinduka.

Jaribu hivi. Fundi apande peke yake mahali pa tambarare, pasipo na watu mbele wala nyuma. Aendeshe polepole, kisha akanyage breki. Trekta lisimame moja kwa moja, bila kuvuta upande. Baadaye ajaribu breki ya mkono kwenye mteremko mdogo, na magogo yakiwa tayari karibu na magurudumu. Azungushe usukani. Ukizunguka sana kabla ya magurudumu kugeuka, umelegea.

Tazama pia namna ya kuzima injini. Je, inazimika mara moja? Matrekta mengine ya zamani hayazimiki mpaka mtu avute waya fulani anaoujua mwenyewe tu. Siku ya ajali nani atauvuta?

Tazama namna ya kuwasha. Dereva anatakiwa kuwasha akiwa amekaa kitini, gia ikiwa huru na klachi imekanyagwa. Watu wengine stata ikiharibika husimama chini, karibu na gurudumu kubwa, wakagusanisha vyuma vya stata kwa bisibisi. Gia ikiwa imeingia, trekta huondoka hapo hapo na kumkanyaga aliyeliwasha. Watu wengi duniani wamekufa hivyo. Muuzaji akilishtua trekta kwa bisibisi mbele yako, amekwisha kukuonyesha ugonjwa wake.

Kwa trekta jekundu, chuma cha kufunga breki hakikuwapo. Breki ya kushoto ilizama mpaka chini. "Hilo ni jambo dogo," alisema dalali. Mama alimtazama. "Kwako dogo," alijibu. "Kwangu ni mguu wa baba watoto wangu."

KUPINDUKA

Trekta likipinduka huua watu wengi kuliko ajali nyingine yoyote ya trekta. Linaweza kulala upande kwenye mtaro au mteremko. Linaweza pia kuinua pua likaanguka nyuma, hasa likivuta kisiki au gogo lililofungwa mahali pa juu. Likianza kuinuka, dereva hana nafasi ya kuruka. Kwa hiyo mzigo ufungwe chini, kwenye chuma cha kuvutia tu.

Dawa yake inajulikana. Ni upinde wa chuma imara nyuma ya kiti, au kibanda cha chuma, pamoja na mkanda wa kumfunga dereva. Mwaka 1959 nchi ya Sweden iliamuru matrekta yote mapya yawe na kinga hiyo. Vifo vya kupinduka vilipungua sana huko, na nchi nyingine zikaiga.

Trekta unalotaka kununua, lina upinde? Kama lina mashimo ya boliti lakini upinde haupo, mtu aliung'oa. Uliza uko wapi. Upinde wa kubahatisha, uliochomewa kwa bomba la maji, unaweza kuvunjika na kumwumiza mtu zaidi. Tafuta ule uliotengenezwa kwa trekta la aina hiyo. Kumbuka pia: mkanda hufungwa pale tu upinde upo. Kama hakuna upinde, usijifunge mkanda, maana utakushikilia chini ya trekta.

SHAFTI YA NYUMA

Nyuma ya trekta kuna shafti fupi. Hiyo ndiyo inayozungusha rotaveta, pampu ya maji au mashine ya kupukuchua mahindi. Kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde moja. Kabla hujamaliza kusema "jamani", imekwisha kuzunguka mara 9 na zaidi. Ncha ya kanga, shuka, kanzu au mkono wa shati ukishikwa, mtu huvutwa pamoja nao. Hana nguvu ya kujinasua.

Kwa hiyo shafti lazima iwe na kifuniko, na hata fimbo ya chuma inayounganisha mashine iwe ndani ya bomba lake la kinga. Matrekta mengi kuukuu hayana vifuniko hivyo. Viling'olewa siku ya matengenezo, vikasahauliwa. Kama havipo, gharama ya kuvipata uitoe katika bei. Na mtu asisogelee shafti inayozunguka akiwa amevaa nguo inayoning'inia. Funga nguo vizuri, au vaa suruali na shati la kubana.

Kwa pawatila, tazama visu vya nyuma. Je, vina kifuniko? Je, vinasimama ukiingiza gia ya kurudi nyuma? Pawatila ikirudi nyuma huku visu vinazunguka, hukata miguu ya anayeishika. Tena inaweza kumbana kwenye mti au ukuta.

MOSHI, KELELE NA MAFUTA

Sasa tunaweza kutazama injini. Iwashwe ikiwa baridi, mahali pa wazi. Moshi hueleza mengi. Moshi mweusi usiokwisha unaonyesha kwamba dizeli haiungui vizuri. Pengine filta ya hewa imeziba, au nozeli zimechoka. Moshi wa bluu unaonyesha kwamba injini inaunguza oili. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata joto unaweza kuonyesha kwamba maji yanaingia ndani, au kwamba injini imechoka. Chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi kama ya maziwa, imechanganyika na maji. Liache trekta hilo.

Moshi si dalili ya ubovu wa injini tu. Ni sumu. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu. Tazama bomba la moshi. Lisiwe na matobo, na moshi utoke mbali na uso wa dereva. Usiwashe kamwe trekta, pawatila au pampu ndani ya banda lililofungwa. Katika moshi wa injini imo hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Humlaza mtu usingizi asiamke.

Kelele nazo huharibu masikio, na sikio lililokufa kwa kelele haliponi. Hapa hutahitaji kipimo cha hospitali. Simama hatua moja kutoka kwa mwenzako. Kama lazima upige kelele ndipo asikie, kelele ya injini ni kubwa mno. Bomba la moshi litengenezwe, na dereva avae kinga ya masikio.

Katika breki na klachi za matrekta ya zamani huweza kuwamo asbesto. Vumbi lake likiingia mapafuni huleta magonjwa mabaya baada ya miaka mingi. Fundi asipulize vumbi la breki kwa mdomo wala kwa pampu ya hewa. Alilowanishe kwanza, kisha alifute kwa kitambaa na kukitupa.

Jambo la mwisho ni mipira ya haidroliki, ile inayoinua jembe. Inua jembe, kisha usimame mbali nalo na kutazama kama linashuka lenyewe. Usitafute tundu linalovuja kwa kupapasa kwa mkono. Oili ile ina nguvu nyingi, nayo hupenya ngozi kama sindano. Tumia kipande cha boksi. Mtu akichomwa na oili hiyo aende hospitali saa ile ile, hata kama kidonda ni kidogo na hakiumi. Akingoja kesho anaweza kupoteza mkono.

KARATASI NA BEI

Usinunue mali ya wizi. Soma namba ya injini na namba ya chesisi kwa macho yako, uzilinganishe na kadi ya usajili. Kama hujui kusoma vizuri, nenda na mtoto wako anayesoma. Hakuna aibu. Hakikisha kadi kwa Mamlaka ya Mapato, TRA. Andikianeni mkataba mbele ya mashahidi. Dalali akisema "lipa leo, kadi inakuja kesho", weka fedha mfukoni.

Bei ya trekta si ile anayoitaja muuzaji. Bei ya kweli ni hiyo pamoja na breki, kinga ya shafti, upinde, betri na tairi. Mdogo wake yule mama aliandika vitu vyote kwenye daftari na kuvijumlisha. Trekta jekundu la bei ndogo likawa ghali kuliko jingine lililokuwa pembeni, limepauka kwa jua na limebonyea bati la mbele. Lile lililopauka liliwaka likiwa baridi. Breki zake zilishika sawasawa. Upinde wake ulikuwapo. Lilikosa kinga ya shafti tu, na betri ilikuwa imekufa.

"Mama, hilo ni baya," alisema dalali.

"Sura yake ni mbaya," alijibu mama. "Lakini ukiliambia simama, linasimama."

Walipatana bei, baada ya kutoa gharama ya kinga na betri. Lakini mama hakurudi Mkuranga Jumapili kama alivyotaka. Alirudi Alhamisi ya pili, kinga ikiwa imekwisha kufungwa. Alichelewa siku kumi na moja. Mvua zilikuwa zimeanza. Hata hivyo hakujuta.

LIKIFIKA NYUMBANI

Trekta lina kiti kimoja, kwa hiyo hupandwa na mtu mmoja. Usimpakie mtoto kwenye bati la gurudumu. Akiteleza huanguka chini ya gurudumu kubwa, na dereva hana nafasi ya kusimama.

Usinyonye dizeli kwa mpira na mdomo. Ikiingia mapafuni huleta ugonjwa mkali. Mtu akiimeza, asitapishwe. Asukutue mdomo, apelekwe hospitali. Usiweke dizeli katika chupa ya soda au ya maji, maana mtoto atakunywa. Oili chafu usiimwage karibu na kisima. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa na joto. Na kabla ya kutengeneza chochote: zima injini, toa ufunguo, teremsha jembe chini.

MTU AKIUMIA

Kwanza zima injini. Usikimbilie kumvuta majeruhi wakati mashine bado inazunguka, msije mkaumia wawili. Damu ikitoka, kandamiza kidonda kwa kitambaa safi bila kuachia. Kidole kikikatika, kifunge katika kitambaa safi chenye maji, kitie katika mfuko wa plastiki, na mfuko uuweke juu ya barafu kama ipo. Kidole chenyewe kisigusane na barafu. Kipelekwe hospitali pamoja na mwenyewe.

Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala mayai. Maji ya betri yakiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi kwa dakika 20, kisha nendeni hospitali. Aliyeangukiwa na trekta, ambaye shingo au mgongo unamwuma, asikalishwe wala kukunjwa. Abebwe akiwa amelazwa juu ya ubao, watu kadhaa wakimshika pamoja.

Kidonda chochote chenye udongo kinaweza kuleta pepopunda. Kioshe kwa sabuni na maji, kisha nenda zahanati uulize habari ya sindano ya pepopunda. Ni bora zaidi kuuliza kabla ya msimu wa kulima, wakati bado hujaumia.

Ndugu msomaji, wazee wetu walisema rahisi inavunja upishi. Trekta lisilo na breki ni rahisi kununua, lakini mguu hauuzwi dukani. Mwaka 1973 nchi nzima ilijifunza kwa redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Neno hilo halijachakaa. Trekta ni la kumsaidia mtu, na mtu ni afya. Kwanza lisimame, ndipo liende.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu ni nani aliyewahi kuumizwa na trekta, pawatila au tela? Jambo gani lingeweza kuzuia ajali hiyo?

2. Kwa nini yule mama aliliacha trekta lenye rangi nzuri?

3. Udongo wetu ni wa namna gani? Je, unafaa pawatila au trekta la magurudumu manne?

4. Je, ni bora kila mtu anunue trekta lake, au tukodi, au tununue pamoja? Toeni sababu.

5. Matrekta yaliyopo kijijini sasa yana kinga za shafti? Nendeni mkayatazame pamoja, injini zikiwa zimezimwa.